Fimbo Iliyotoka Mwambani

Kwenye mdomo wa handaki la maji juu ya Endarasha, Jumatatu asubuhi, walikuwepo watu wanne. Wa kwanza ni Hezekiah Mugo Wamae, mwendeshaji wa mashine ya kutoboa mwamba. Wa pili, Peterson Ngatia, nyapara wa zamu, aliyemsimamia Hezekiah siku ya harusi yake. Wa tatu, injinia Keval, mzaliwa wa Nyeri mjini. Wa nne, mzee Gikonyo, aliyeitwa kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa tangu Ijumaa, na bado ndani ya mwamba kulisikika kugonga.

Awali mwamba uliwashinda. Visu vya duara vya mashine vilikuwa butu kabla ya kumaliza mita mbili kwa siku. Ni Hezekiah aliyeshauri visu vipangwe karibu karibu, mzunguko upunguzwe na msukumo uongezwe. Wakaanza kula mita tisa. Keval akamwahidi cheo cha nyapara mkuu, ambacho Ngatia alikuwa amekingoja miaka sita. Ngatia alimpongeza, akamtania kwamba sasa itabidi avae tai chini ya ardhi.

Mzee Gikonyo aliweka sikio mwambani. Alisema mle mna pepo, na pepo wa namna hiyo hafukuzwi. Huhamishwa, kama wazee walivyohamisha roho za mti kabla ya kuukata. Fimbo ya mti wa muiri iegemezwe mwambani, kisha mtu mmoja aibebe hadi kwenye jiwe kubwa la mtoni, bila kufungua mdomo njia nzima, hata akiulizwa jambo. Ngatia akajitolea.

Handaki likanyamaza.

Jumatano, Hezekiah akinywa chai, ukuta wa jikoni uligonga mara tatu. Mkewe, Phyllis, alidhani ni panya. Alhamisi chakula chote kilinuka vumbi la jiwe lililosagwa. Na Ijumaa, mchana wa jua kali, kule kugonga kulitoka ukutani kukapita chini ya sakafu, kukafuata nyayo za Phyllis kutoka jikoni hadi sebuleni, na alipoketi kukazunguka kiti chake polepole, kwa mwendo uleule ambao Hezekiah mwenyewe aliipangia mashine, mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, naye Phyllis akakohoa kwenye leso unga wa kijivu.

Jioni hiyo Hezekiah alimkuta Ngatia kantini.

"Fimbo uliipeleka wapi?" alinong'ona.

"Mtoni. Lakini njiani iliniuliza ni nani alipanga visu."

"Na wewe?"

Ngatia alitazama chai yake. "Nilijibu. Majina yako yote matatu, vile iko kwa kitambulisho."

"Peterson, tumetoka mbali na wewe."

"Ndio maana nilikuwa nayajua."

Walipomwendea usiku huo, mzee Gikonyo alisema aliyetaja jina ndiye pekee awezaye kulirudisha, akiwa amesimama kwenye lile jiwe, kabla jua la kesho halijatua. Ngatia alimshika mzee mkono, akaapa kwamba atakwenda asubuhi.

Jumamosi Hezekiah alikaa kando ya kitanda, akimfuta mkewe midomo. Kugonga kulikuwa sasa ndani ya godoro. Alipiga simu ya Ngatia mara kumi na nne, haikupatikana. Saa kumi na moja jioni Keval alimpigia simu, kuuliza, kwa aibu, kwa nini Hezekiah amekikataa kile cheo. Ngatia ndiye aliyeleta habari hizo, na tangu asubuhi yuko ofisini, ameshatia sahihi ya kukichukua.

Phyllis Murugi Wamae alifariki Jumapili, saa tatu asubuhi.