Dobi Aliyeosha Sarafu

Dobi alipima kila kitu kwa mashati, yaani kwa ujira wa kufua na kupiga pasi shati moja. Kilo ya nyama ilikuwa mashati kumi. Viatu vya shule vya binti yake vilikuwa mashati arobaini. Ukimuuliza bei ya kitanda alitazama dari kidogo, akakunja uso, kisha akakujibu kwa mashati. Watu walimcheka, yeye hakujali. Shati moja alilijua uzito wake likiwa kavu na likiwa limelowa.

Aliyelijua zaidi ni mkewe, maana yeye ndiye aliyefua. Dobi alikaa chumba cha mbele, akapiga pasi, akakunja na kupokea wateja. Mkewe alikuwa uani, kwenye mabeseni sita na kamba nne. Wateja walimwita Mama Vifungo. Shati likifika kwake limepungua kifungo, lilirudi limekamilika, na hakudai hata senti. Alikuwa na sumaku ndogo aliyoitumia kuokotea sindano zikimwagika, na sumaku hiyo haikutoka mfukoni mwake.

Miaka kumi na tisa ya kukamua nguo ilikuwa imemla bega la kulia. Daktari alimwambia bila kumficha kwamba akiendelea na mashuka na mablanketi, bega litakuja kugoma kabisa. Basi wakaanza kuweka akiba ya kununua mashine ya kufulia. Bei yake ilikuwa mashati elfu mbili na mia nne. Pesa ziliwekwa benki kwa jina la Dobi peke yake. Waliweka miaka mitatu, na walikuwa wamebakiza kidogo tu.

Sasa, kwenye rafu juu ya meza ya pasi palikuwa na kopo la biskuti. Lilikuwa la marehemu baba yake Dobi, ambaye naye alikuwa dobi. Mzee yule alikuwa na sheria moja: kilichomo mfukoni si cha dobi. Kila sarafu aliyoikuta kwenye nguo aliiweka kwenye bakuli, akamngoja mwenyewe. Lakini zile za nchi za mbali, au zilizokwisha kuondolewa sokoni, wenyewe walizicheka. Walimwambia, "Baki nayo, mzee, haininunulii hata njugu." Mzee aliifunga kila moja kwenye kikaratasi cha kuandikia alama za nguo. Juu yake aliandika ilitoka mfuko wa nani. Baharia wa shati la bluu. Bwana harusi, kafunga ndoa jana. Mkunga, koti la mvua, hataki chenji. Zilikuwa sitini na tatu, na Dobi alikuwa amevisoma vikaratasi vyote alipokuwa mtoto, akisubiri pasi ipate moto.

Siku moja akaja mteja mgeni, amebeba mkoba wa ngozi. Alikuwa na maneno matamu, yale ya kumtoa nyoka pangoni. Alipoliona kopo aliomba kutazama. Alifungua vikaratasi vitatu vinne, akapiga mluzi taratibu. Kisha akasema yale maneno ambayo kila mtu anayajua: ya kale ni dhahabu.

Dobi aliyasikia maneno hayo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuyasikia yakiwa na bei. Bwana Mkoba alimweleza kwamba sarafu za zamani hupanda bei kila mwaka, wala hazishuki. Alisema yuko mnunuzi tajiri anayekuja baada ya mwezi. Mnunuzi huyo hataki vitu vya kuokoteza, anataka mkusanyo uliokamilika. Na kwa bahati, yeye Bwana Mkoba alikuwa na sarafu kumi na mbili za madini ya fedha tupu, ambazo zingelikamilisha kopo lile. Angemuuzia Dobi kwa bei ya kindugu.

Bei hiyo ya kindugu ilikuwa mashati elfu mbili.

Ndugu msomaji, usimcheke haraka. Dobi hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Alilala akiisikia miguno ya mkewe kila alipogeuka upande wa bega. Alipiga hesabu kwamba baada ya mwezi angemnunulia mashine mbili, moja ya kufua na moja ya kukausha. Alitaka kumshtukiza. Kwa hiyo alikwenda benki peke yake, akatoa, akalipa, wala hakumwambia mtu. Aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia alilibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Kosa la pili ndilo lililomuuma zaidi, na lilitokana na kazi yake. Dobi harudishi kitu kichafu. Zile sarafu za baba zilikuwa nyeusi, nyingine za kijani kwenye kingo. Aliona aibu mnunuzi azikute hivyo. Mkewe alipokwenda kliniki, alichukua majivu, ndimu na kitambaa kigumu, akazisugua moja moja alasiri mbili mfululizo. Zilitoka zinametameta. Vikaratasi vilikuwa vimechakaa na kuwa njano. Siku ya pili mkaa wa pasi uligoma kushika moto, basi akavichukua vyote akawashia pasi.

Mwezi ukaisha. Mnunuzi hakuonekana, Bwana Mkoba hakuonekana, na simu yake ikawa haipatikani. Jumamosi moja Mama Vifungo alirudi kutoka dukani na habari njema. Mashine zilikuwa zimeshushwa bei kwa wiki moja tu. Alikuwa anacheka kama msichana. Alisema Jumanne waende pamoja, wazibe pengo kwa pesa za mashuka ya hoteli, waibebe siku hiyohiyo. Dobi aliitikia, akainamia pasi yake.

Jumatatu asubuhi alikuja Bibi Glavu. Huyu alikuwa mtunza vitu vya kale kwenye jumba la makumbusho, na kila Jumatatu alileta jozi sita za glavu nyeupe za pamba. Miaka minane alizileta, na miaka minane Dobi alijiuliza kimoyomoyo kwa nini mtu alete glavu zisizo na doa. Hakuwahi kumuuliza. Siku hiyo aliteremsha kopo, akalimwaga juu ya meza ya pasi, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, wewe unajua vitu vya kale. Nataka kuziuza leo. Nieleze zinafika wapi."

Bibi Glavu aliziangalia bila kuzigusa. Uso ulimbadilika. Alichukua glavu moja iliyokwisha kufuliwa, akaivaa, akainua sarafu kubwa kwa kuishika ukingoni.

"Nani amezisugua hizi?"

"Mimi mwenyewe. Zilikuwa chafu sana."

"Ule haukuwa uchafu, kaka. Ule ulikuwa umri wake."

Alimweleza polepole, kama mtu anayemfungua mgonjwa bandeji. Alisema sarafu inapokaa miaka mingi hujifunika ngozi yake yenyewe. Mkusanyaji hutafuta ngozi hiyo, na ile michoro midogo iliyotoka nayo kiwandani. Ukisugua kwa majivu unaiparura. Haioti tena. Hata jasho la vidole huiharibu, ndiyo maana wao hushika vitu kwa glavu, na ndiyo maana glavu hufuliwa kila wiki. Dobi aliitazama ile jozi iliyokuwa mezani. Jibu lilikuwa likimpita mikononi kila Jumatatu.

Aliuliza kama ile kubwa ingekuwa na thamani kabla haijasuguliwa. Bibi Glavu alisita. Alisema hapendi kukisia, lakini aina ile ilitengenezwa kidogo, na wapo wanaoitafuta. Pengine ingefika mashati mia nane. Kwa sasa labda hamsini, kwa uzito wa madini yake.

"Na hizi nyingine? Zina umri mkubwa kuliko mimi."

"Umri peke yake haulipi. Zipo sarafu za miaka mia mbili zinazouzwa kwa bei ya mkate, kwa sababu zilitengenezwa mamilioni. Kinacholipa ni vitu vitatu pamoja: ziwe adimu, ziwe na hali nzuri, na awepo mtu anayezitaka. Kimoja kikikosekana, una kumbukumbu nzuri, huna mali."

Ndipo Dobi alipozitoa zile kumi na mbili. Zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa cha mahameli, kila moja na kijumba chake. Bibi Glavu aliigeuza moja, kisha akauliza kama nyumbani hapo pana sumaku.

Dobi aligeukia mlango wa uani. Sumaku aliijua ilipo. Mama Vifungo naye alikuwa mlangoni, mikono ina povu, amekuja kuchukua sabuni. Hatujui alisimama pale tangu lini. Alifuta mkono kwenye kanga, akaitoa sumaku mfukoni, akaiweka mezani. Bibi Glavu aliisogeza karibu na sarafu, na sarafu ikaruka ikanasa. Ya pili ikanasa. Zote kumi na mbili zikanasa, zikaning'inia pamoja.

"Madini ya fedha hayanaswi na sumaku," alisema Bibi Glavu. "Hiki ni chuma kilichopakwa rangi. Na hata isiponasa usiamini tu, maana madini mengine ya bei rahisi pia hayanasi. Mpelekee anayejua, akupimie uzito, akuandikie risiti. Umenunua kwa shilingi ngapi?"

Dobi alijibu kwa mashati. Hakuweza kujibu kwa namna nyingine.

Mama Vifungo aliisikia ile elfu mbili. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alichukua sabuni yake, akarudi uani, na sauti ya maji ikaendelea kama kawaida. Dobi anasema mpaka leo angependelea atukanwe.

Kisha Dobi akamuuliza Bibi Glavu, "Basi sarafu ni biashara au ni kujifurahisha tu?"

"Kwa walio wengi ni kujifurahisha, na hakuna ubaya. Wapo wachache wanaopata faida. Hao wamesoma miaka, wanajua bei, wananunua kwa watu wanaojulikana, na wanaweza kungoja hata miaka ishirini. Nao pia hupata hasara. Anayekuuzia anakuuzia kwa bei ya juu, ukimrudishia kesho atanunua kwa nusu. Akikwambia bei haishuki, jua anakudanganya. Ukitaka kukusanya, tumia pesa ambayo ikipotea hamlali njaa. Pesa ya bega la mtu si ya sarafu."

Walimshtaki Bwana Mkoba polisi, taarifa ikaandikwa, na hadi leo hajapatikana. Jioni ya Jumatatu ile, wakati wa kuanua nguo, Dobi alimweleza mkewe yote, hata vikaratasi, ndipo Mama Vifungo aliposema neno lake. Alilisema moja tu, huku akikunja shuka.

"Mimi sijui mambo ya sarafu. Ungeniuliza, pengine ningedanganyika kama wewe. Lakini ningekwambia usichome mwandiko wa baba."

Dobi alikaa chini kwenye beseni lililopinduliwa, akalia. Mashati elfu mbili yanaweza kufuliwa upya. Mwandiko ule hauwezi kurudi, kwa kuwa mkono ulioandika uko chini ya udongo. Na alivichoma kwa mkono wake mwenyewe, ili kunyoosha suruali ya mtu asiyemkumbuka hata jina.

Kesho yake alihamia kwenye mabeseni. Mkewe akashika pasi, naye akaishika kwa mkono wa kushoto mpaka akazoea. Akiba waliifungua upya, kwa majina mawili na saini mbili, hakuna atakayetoa peke yake. Ile sarafu kubwa Dobi alitaka kuiuza hata kwa hamsini. Mama Vifungo akakataa, akasema baba hakuiweka kwa ajili ya mashati hamsini. Miaka miwili na nusu baadaye mashine ikaingia uani. Binti yao aliwasha, wote watatu wakasimama wakiitazama ikizungusha mashuka kama watu wanaotazama mpira. Maumivu ya bega yamepungua, na Mama Vifungo analala usingizi mzima. Lakini mkono haupandi tena juu ya sikio. Daktari anasema ungewahi miaka miwili mapema, pengine ungepanda.

Kopo bado liko rafuni. Juzi Mama Vifungo alikuta sarafu nyeusi kwenye suruali ya fundi saa. Mwenyewe akacheka, akasema ni ya mama yake, abaki nayo. Dobi aliishika ukingoni, hakuifuta hata vumbi. Aliandika kikaratasi: Fundi saa, suruali ya kijivu, ya mama yake. Aliifunga ikiwa nyeusi vilevile.

Wateja hupenda zaidi zile za zamani. Huinua moja, wakasema, "Dobi, hizi umezitunza, zinang'aa kweli." Yeye hushukuru kwa adabu, kisha huwaonyesha kikaratasi kilichoifunga. Kati ya sitini na tatu alikumbuka maneno ya kumi na moja tu: baharia, bwana harusi, mkunga, na wengine wanane. Zile hamsini na mbili zilizobaki, kila moja ameiandikia maneno haya, kwa mwandiko wake, ili binti yake aje ayasome:

Ya babu yako. Sijui ilitoka mfuko wa nani. Niliiosha mimi.