Nafasi Mbele ya Jina la Kidoti

Pale ofisini walimwita Msafi, maana hakuna aliyepanga msimbo wa kurasa za tovuti kama yeye. Kila alama ya kufungua ina ya kufunga, na kilichomo ndani kimesogezwa kulia kidogo, jicho lione nani yumo ndani ya nani. Akitaka kujaribu ukurasa mpya, huandika watu wake mwenyewe: alama ya familia, ndani yake baba, mama na binti yao Kidoti.

Asubuhi moja akakuta mstari wa Kidoti umesogea kulia. Akaurudisha. Kufumba na kufumbua umesogea tena, na kibodi inanuka nywele zilizoungua.

Mkewe akapiga simu. "Baba Kidoti, mtoto kajibana ukutani, hataki kuja. Nikimvuta analia."

"Ukuta wa kulia?"

"Umejuaje?"

Msafi akakata simu. Akamwita mzee wa mitambo, ambaye akitoka kazini hupunga watu wenye majini. Mzee akanusa skrini, akarudi nyuma.

"Lo! Huyu ni jini jike, anaishi kwenye nafasi tupu, na hana mtoto. Wewe umemwekea wako mlangoni! Mrudishe ndani ya familia, funga, hifadhi. Lakini soma alama, mwanangu, usiangalie mpangilio. Mashine haijali nafasi."

"Mzee, kazi hii ndiyo inayonilisha," akanong'ona Msafi.

Akaanza kufuta nafasi, na kila aliyoifuta ikarudi, na kwenye spika kukaanza kukwaruza kucha, kisha pumzi, kisha sauti ya Kidoti ikiita baba, baba, naye huku jasho likimwingia machoni akazidi kubonyeza, akifuta, akivuta, mpaka jina la mwanawe likakaa sawasawa chini ya la mama yake, limenyooka, safi, akahifadhi haraka kabla halijahama.

Harufu ikakata. Msafi akacheka kwa furaha, akapiga simu nyumbani.

"Kidoti anaendeleaje?"

"Kidoti ndiye nani, mume wangu? Sisi tumejaliwa lini mtoto?"

Akatazama skrini, safari hii akasoma. Alama ya kufunga familia ilikuwa imepanda mstari mmoja, ikakaa juu ya jina la Kidoti.

Akabonyeza kila kitufe. Mshale wa skrini haukutikisika. Mzee alikuwa ameshajifunika uso.

"Baba," spika ikasema kwa kwikwi, "mbona umenifungia nje?"

Halafu sauti nyingine, ya mwanamke, ikambembeleza anyamaze, na mstari wa Kidoti ukaanza kwenda kulia taratibu mpaka ukatoka kwenye skrini.