Ndoo ya Visu

Kisiki kiliupasua mtumbwi ubavuni, na maji ya bwawa la Mtera yakaingia kwa kishindo. Upepo ulikuwa umegeuka ghafla, na Sila, aliyeshika kasia la nyuma, hakukiona kisiki mpaka kilipotokeza mbele ya magoti yake. Mtumbwi ukanasa hapo hapo, na sehemu yake ya nyuma ikaanza kuzama.

Milingoti ya goli, iliyofungwa kwa kamba ncha moja tu, ikabingirika. Mabomba sita ya chuma yalimwangukia Elisha, mdogo wake Sila, aliyelazwa chini na mguu uliovunjika, yakambana mapajani. Alipiga yowe moja tu, kisha akauma midomo.

Tuseme kweli, balaa hili walijitakia. Visiwa vya wavuvi bwawani humo ni mawe na mchanga, mti wa kuchonga goli hakuna. Kambi ya Mawe na Kambi ya Mchanga zinatumia seti moja ya milingoti ya chuma, na mshindi huondoka nayo ili mechi ijayo ichezwe kwake. Tena, kwa kuwa mvuvi na kisu hawaachani, kabla ya filimbi kila mchezaji hutumbukiza chake kwenye ndoo ya refa.

Leo Kambi ya Mawe, timu ya akina Sila, walishinda ugenini, mbili kwa moja. Ambokile, nahodha wa wenyeji, alimvunja Elisha mguu kwa makusudi baada ya bao la pili. Mawe yakarushwa, makasia yakapasua vichwa. Wenzao wakakimbilia boti la injini na kutoweka. Sila alimbeba mdogo wake, na kwa ubishi akarudi kuchukua milingoti, akaifunga kwenye mataruma, mbavu za mtumbwi, kwa fundo alilojigamba kwamba hata shetani hatalifungua. Visu akavisahau kwenye ndoo.

"Kaka, kata kamba," alisema Elisha. Maji yalimfika kifuani.

"Nikate na nini?"

Sila aliliuma fundo. Kamba iliyolowa ilikuwa imekaza, nayo ikamchana fizi hadi akatema damu. Nathanaeli, beki wao, alikuwa akichota maji kwa kopo huku damu ya kichwani ikimdondoka bwawani. Mamba hakuhitaji barua ya mwaliko. Aliibuka pembeni, akamdaka Nathanaeli mkono, akauvuta. Sila alimpiga mamba kasia machoni mara tatu, mara ya nne likavunjika, ndipo mamba akaachia. Nyama ya mkono ilikuwa inaning'inia.

"Funga kwa jezi," Sila alisema. "Kaza sana."

Ndipo mtumbwi mwingine ulipotokea kwenye mawimbi. Ambokile alisimama mbele, panga mkononi, na nyuma yake wanaume wawili. Walikuwa wamefuata milingoti. Nathanaeli akaokota kipande cha kasia kwa mkono mzima. Sila naye alitamani kumrukia yule mtu na kumzamisha, alimchukia kiasi hicho. Lakini maji yalikuwa yamefika kidevuni mwa Elisha.

"Mmeona sasa," alisema Ambokile. "Leteni milingoti."

"Chukua yote. Mkatie kwanza mdogo wangu kamba."

"Nikikata inazama."

"Ndiyo."

Ambokile alimtazama Elisha, aliyekuwa ameinua pua juu ili apate hewa. Akatupa panga, refu mno kwa kazi ya chini ya maji. Chini ya miguu yake ilikuwepo ndoo ya refa, nao walikuwa wameichukua wapate silaha zaidi. Akachomoa kisu cha kwanza kilichomjia mkononi, akakibana kwa meno, akazama.

Maji yakamfunika Elisha. Sila alimshika kichwa kwa mikono miwili na kuomba kwa sauti, bila haya. Kamba ikakatika. Chuma kikateleza kuelekea kilindini, mtumbwi ukaruka juu, na Elisha akatapika maji begani mwa kaka yake.

Mtumbwi wa Ambokile uliwaburuta hadi Kambi ya Mawe. Walipomshusha Elisha mchangani, Ambokile alimfuata Sila, viganja vikivuja damu, akamnyooshea kisu kwa mpini. Kilikuwa cha Sila mwenyewe.

Sila alikipokea. Akautazama mguu wa mdogo wake uliopinda, kisha shingo ya Ambokile iliyokuwa karibu kabisa.

Akainama, akakitumbukiza kwenye ndoo ya refa iliyoshushwa mchangani.

"Mechi ijayo," alisema, "goli tutaweka makasia."