Jina Chini ya Mpini

Jioni ile nilikwenda kwenye karakana ya mume wangu, hapa Cibitoke, kumwambia afunge. Saa ya kuvrefe, marufuku ya kutoka usiku, ilikuwa inakaribia, na wanajeshi barabarani hawakuwa na mchezo.

Seifu alikuwa mtu wa mipini. Chuma walifua wengine. Yeye alichonga vibao viwili kwa kipimo cha kiganja cha mteja, akavibana huku na huku kwenye mkia wa kisu, kisha akavifunga kwa riveti, pini fupi za shaba.

Nilimkuta anafagia. Kabla hajafunga, mtu akaingia.

Pontien. Karani wa zone, suti safi, mtu aliyekuwa anatia saini karatasi za mtaa mzima. Mkononi alishika kisu kilichoviringishwa kwenye gazeti.

"Seifu, nibadilishie mupini. Umepasuka tena. Mi mwenyewe nimejaribu kuutengeneza, kila mara unafunguka."

"Kesho, patron."

"Apana. Leo."

Seifu akakibana kisu mezani. Mimi nikamshikia taa. Aligonga riveti zikatoka, akainua kibao kimoja.

Harufu...

Mukeke. Samaki mbichi wa ziwani, kama anayepasuliwa pale pale mbele yetu. Na chuma kilikuwa kikavu kabisa.

Seifu alipangusa ule mkia kwa kidole, akaganda. Alikuwa na desturi ya kugonga jina la mwenye kisu chini ya mpini, mahali ambapo hakuna anayepaona. Nikainama kusoma.

KUDRA.

Kudra aliuza mukeke kule Kamenge, mtaa jirani. Ndiye aliyepika siku ya ndoa yetu. Watu walipokimbia vita Kamenge, yeye hakuonekana tena.

Pontien alituona tukisoma. Macho yake yakashuka.

"Nilikiokota," akanong'ona. "Nyumba ilikuwa wazi. Kila mutu alichukua kitu, Seifu. Kila mutu."

Nilingoja mume wangu amrudishie kisu na gazeti lake, amwambie aondoke. Hakumrudishia. Bila saini ya Pontien, ndugu zake Seifu wasingepata karatasi za kutoka kambi ya wakimbizi. Alichukua kipande cha mti wa msave, akaanza kukata. Hakunitazama. Nami niliendelea kushika taa, uso ukiniwaka kwa aibu.

Alichonga. Akatoboa. Akapaka gundi, akaweka riveti ya kwanza, akagonga.

Mmh.

Nilidhani ni Pontien. Lakini Pontien alikuwa amefumba mdomo.

Akagonga tena.

Mmh...

Sauti ilikuwa inatoka chini ya mbao. Jasho lilimtiririka Seifu puani, lakini hakuacha. Riveti ya mwisho ilipokaa, jina likafunikwa, na harufu ikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa pumzi.

Pontien akakishika kisu. Kilimkaa vizuri mkononi.

Halafu mlango ukagongwa. Taratibu.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke.

"Pontien... nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Kudra. Ile ile, yenye mkwaruzo, iliyokuwa inanadi samaki asubuhi.

Pontien alikuwa analia bila kutoa sauti.

"Hivyo hivyo," akasema. "Siku ile aliniita hivyo hivyo. Alikuwa mu stoo ya samaki, komeo liko inje. Mikono yangu ilikuwa imejaa vitu vyake. Nilisema nikishaviweka nitarudi..."

"Ukarudi?" Seifu aliuliza.

Pontien alijaribu kukiweka kisu mezani, vidole vikakataa kufunguka. Alivivuta kwa mkono wa pili. Wapi. Mkono wenye kisu ukanyooka kuelekea mlangoni, na yeye akaufuata, kama mtoto anayeburutwa na mama yake.

Seifu akafungua. Nje hapakuwa na mtu. Kizingiti tu kilikuwa kimelowa.

Pontien akaingia gizani, akielekea Kamenge, na kuvrefe ilikuwa imeshaanza.

Usiku ule hatukusikia risasi hata moja.

Asubuhi Seifu alikwenda na watu wa msikiti. Walimkuta Pontien amepiga magoti mbele ya stoo ya Kudra, anachokoa mlango kwa kisu, mbao zimegeuka unga. Komeo lilikuwa mahali pake. Nani aliyelifunga siku ile, mpaka leo hakuna anayejua. Ndani walimkuta Kudra, au kilichobaki. Walimzika siku hiyo hiyo. Pontien hakutazama mtu yeyote usoni, na kiganja chake hakikufunguka tena, hata baada ya kisu kuondolewa.

Nilidhani yameisha.

Jioni iliyofuata, mbele ya nyumba ya Kudra palikuwa na sufuria. Kesho yake, kiti na redio. Kisha magodoro, cherehani, mlango mzima na bawaba zake, viatu vya mtoto. Watu walikuja jua likizama, vitambaa usoni, wakaweka, wakaondoka haraka. Nilimtambua jirani yangu Asiya kwa mwendo wake. Nikageuza shingo ili asijue nimemwona.

Kudra alikuwa na chumba kimoja na stoo. Vitu vile vilikuwa vya nyumba nyingi.

Na hakuna aliyemuuliza mwenzake ni sauti ya nani iliyombishia hodi usiku.