Aliyemshika Lusia

Jua lilipozama, Veneranda alichukua sufuria ya uji wa ulezi akaenda kuupasha kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, nyuma ya wodi ya walioungua. Hapo Mbeya walikuwa na mwezi sasa. Siku tano za mwisho mdogo wake, Lusia, alilala bila kusogeza mguu. Ngozi ilikuwa imetolewa pajani ikapandikizwa kuanzia goti hadi kifundo. Kesho bandeji ingefunguliwa. Ngozi isiposhika, daktari hakuficha, mguu utakatwa.

Lusia ana kifafa. Kule kwao Idodi aliangukia moto wa kupikia pombe, na watu wazima zaidi ya kumi wakasimama wakitazama, eti ukimgusa wa kifafa akiwa motoni, ugonjwa unakuhamia. Upuuzi mtupu! Veneranda alimvuta kwa mikono yake mwenyewe, na hasira ile haijapoa hadi leo.

Jikoni kulikuwa na bibi mmoja tu, amechuchumaa, kaupa mlango mgongo.

"Kamwene, bibi," alimsalimu kwa lugha ya kwao.



Bibi alikuwa akipanga makaa. Makaa mekundu... kwa vidole vitupu. Harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa Veneranda puani. Alirudi nyuma hatua moja.

"Ulimgusa," bibi alinong'ona bila kugeuka.

"Bibi... wewe wa wapi?"

"Moto haukushiba. Niletee bandeji yake ya zamani, nikaizike pale alipoangukia. Wewe utaachwa."

"Na yeye?"

"Yeye si wako tena."

Hapo woga ukageuka ghadhabu. "Nilimgusa, ndiyo! Kesho nitamgusa, keshokutwa nitamwogesha. Kamwambie huyo aliyekutuma!"

Akaumwaga uji wote juu ya makaa.

Tsssss...

Moshi ukatanda. Ulipopungua, bibi hayupo. Na ndani ya wodi Lusia akapiga yowe.

Veneranda alimkuta ameng'ang'ania vyuma vya kitanda, jasho linamtiririka.

"Dada, kuna mtu kanishika mguu! Anavuta..."

Mguuni hapakuwa na mtu. Lakini shuka... shuka lilikuwa linasogea.

"Usiusogeze! Avute, asivute, wewe usiusogeze!" Veneranda alimkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, akimtukana mtu asiyemwona, mpaka muuguzi Sosthenes alipofika mbio na shuka likatulia.

"Ni kifafa hicho," Sosthenes alisema. Veneranda alipomsimulia kuhusu bibi, hakushangaa. "Wapo wengi, dada. Wanatumwa na waganga kuomba bandeji. Ila huyo alipitaje getini, sijui."

Asubuhi bandeji ikafunguliwa. Veneranda aliinama kutazama.

Imeshika!

Ngozi mbichi, ya waridi, hai kabisa, kutoka goti kwenda chini. Alilia bila aibu. Kisha akaona kifundo. Alama nne nyeusi upande mmoja, moja upande wa pili.

"Bandeji ilibana tu," daktari alisema, ingawa alizitazama kwa muda mrefu. "Mguu hatukati."

Daktari alipoondoka, Veneranda alivaa glovu, akaweka vidole vyake taratibu juu ya zile alama. Zilikuwa ndefu kuliko vidole vyake. Zilikuwa za moto.

"Dada," Lusia akanong'ona, "bado anavuta."

"Avute," Veneranda akasema, na mkono hakuutoa.