Maandishi ya Chini ya Kioo

Kila Jumamosi nyumbani kwetu huanza na sumaku. Mama ni fundi cherehani na sebule ndiyo karakana yake, kwa hiyo kabla ya mtu kukanyaga sakafu bila viatu, mimi na kaka yangu hupitisha sumaku kila pembe kuokota pini zilizodondoka. Mimi huifunga yangu uzi na kuiburuta nikiwa nimesimama. Kaka hupiga magoti na kuinama mpaka pua yake inakaribia kufagia sakafu. Nilidhani ni madoido yake tu.

Kaka ana miaka kumi na mitano, na mtaa mzima humwita Kipa kwa sababu ndiye mlinda mlango wa timu ya shule. Mimi nina kumi na miwili. Yeye huniita Kasuku, na sababu mtaijua wenyewe.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya kwanza ya likizo. Mjomba, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa ametuazima flashi yake yenye tamthilia kumi za mapigano, na jioni saa kumi na mbili angeipitia aondoke nayo safarini. Mama naye alituruhusu kushika runinga kutwa nzima. Siku moja tu! Nilikuwa nimeisubiri muhula mzima.

Tatizo lilikuwa nafasi. Mama alikuwa na oda kubwa ya sare, na meza ya kukatia vitambaa ilikaa katikati ya sebule. Kochi lilisukumwa hadi ukuta wa nyuma.

"Meza msiiguse, kochi msilisogeze," Mama alituonya. "Tazameni kutoka huko huko."

Tukaanza kuchagua. Niliweka ya kwanza, "Walinzi wa Handaki". Dakika tano hazijaisha, Kipa akatikisa kichwa.

"Mapigano yao ya uongo."

Nikaweka ya pili. Akasema muziki wake unamuumiza kichwa. Ya tatu, shujaa ana masharubu mabaya. Ya nne, ya tano, ya sita, zote zina kasoro. Zote zilikuwa za lugha za kigeni, zenye maandishi ya Kiswahili chini ya kioo. Saa sita ikapita, tukala, tukaosha vyombo, tukarudi, na bado hatujatazama hata kipande kimoja mpaka mwisho. Damu ilinichemka.

"Haya, chagua wewe!" nikamwambia.

Akachagua katuni ya sungura wapishi, iliyomo humo kwa ajili ya watoto wadogo wa Mjomba.

"Kipa! Wewe una ndevu tatu kidevuni, unataka sungura?"

"Wanaongea Kiswahili kizuri," akajibu bila kunitazama.

Nilimpokonya rimoti. Nikaweka "Dereva wa Saba" kwa nguvu, nikaikalia rimoti yenyewe. Kipa akanuna, mimi nikanuna, basi kochi zima likanuna.

Mama alikuwa ameipa runinga mgongo, macho kwenye mshono. "Mnanuna nini na sinema inaendelea?" akasema. "Kipa, wewe mkubwa, nisomee na mimi. Huyo bibi anasema nini?"

Kipa akakohoa kidogo. "Anasema... 'Leo nitakuua!'"

Nikatazama chini ya kioo. Palikuwa pameandikwa: Supu imepoa, mwanangu.

"Na sasa?" Mama akauliza. Dereva alikuwa ameshika simu, jasho linamtiririka. Maandishi yalisema: Bomu liko chini ya kiti cha nane.

"Anasema, 'Habari za nyumbani?'"

Mama akageuka. "Mbona anatetemeka hivyo kwa kuulizwa habari za nyumbani?"

"Mama, anatunga!" nikapayuka. "Hasomi kitu! Ametupotezea siku nzima, na sasa anatuchezea!"

Cherehani ikanyamaza. Mama akamuuliza Kipa kwa upole, "Mwanangu, saa ile juu ya runinga inasema saa ngapi?"

"Saa... saba?"

Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Kipa aliinamisha kichwa. Maneno yalitoka kwa shida. Tangu muhula wa kwanza, vitu vya mbali vilikuwa ukungu mtupu. Ubaoni haoni, hunakili kwa jirani yake wa dawati. Runinga aliimudu wakati kochi lilipokuwa karibu.

"Na yale magoli mawili niliyofungwa kwenye fainali," akasema, "mpira niliuona ukiwa umeshafika."

Niliona aibu. Magoli yale niliyatungia wimbo wa kumcheka, nikauimba mtaa mzima mpaka watoto wa chekechea wakaujua.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama akauliza.

"Kocha akijua, glavu zangu atampa mwingine."

Bado nilikuwa na hasira, siwezi kudanganya. Siku yangu ilikuwa imeliwa bure. Lakini sasa sikujua nimkasirikie nani. Nikaitoa rimoti nilipoikalia, nikarudisha "Dereva wa Saba" mwanzo, nikasoma kwa sauti kila neno, la bibi na la majambazi. Tulimaliza vipande viwili na nusu, sauti ikanikauka. Mjomba akapiga honi nje, na bomu likabaki chini ya kiti cha nane.

Jumatatu Mama alifunga cherehani, japo oda ilikuwa inamsubiri, akampeleka Kipa kliniki ya macho. Mtaalamu alimpima, akasema haoni mbali, akamwandikia miwani ya plastiki ngumu inayofaa michezo. Ilipokuwa tayari, Mama mwenyewe aliishonea mkanda wa lastiki wa kuifunga kichwani. Kisha akaenda na Kipa kwa kocha, na mimi nyuma yao.

Kocha alisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Kumbe tulifika fainali na kipa asiyeuona mpira! Akiuona, je? Glavu ni zako, bwana. Njoo mazoezini kesho."

Njiani Mama alisimama. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua," akamwambia Kipa. "Wewe umeumbuliwa na supu tu, mshukuru Mungu. Siku nyingine useme mapema." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Kasuku. Ukimwona mtu anakosea jambo analoliweza, usimtungie wimbo. Muulize ana nini."



Jumamosi iliyofuata tulipitisha sumaku kama kawaida. Safari hii Kipa alisimama wima, miwani usoni, huku mimi nikitembea peku kwa haraka zangu.

"Kasuku, simama hapo hapo," akasema kutoka upande wa pili wa sebule. "Kuna pini mbele ya kidole chako."

Nikatazama chini. Ilikuwepo.