Fremu Isiyopita Mlangoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alichemsha chai, akaipooza kidogo, akampelekea bibi yake kitandani. Alikuwa na jina lingine la shuleni, lakini nyumbani na mtaani kote aliitwa Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake yaliyochoma. Bibi akishamaliza chai, baba yake Sindano aliingia akiwa tayari amevaa aproni yake ya kuchomelea vyuma, akambeba mama yake mikononi kama mtoto mchanga, akampeleka chooni mwisho wa ukumbi. Bibi alifumba macho njia nzima.

Tangu apatwe na kiharusi, mguu wake wa kulia uliburuta, na mkono wa upande huo ulishika vitu kwa shida. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja kumwona, mwanamke waliyezoea kumwita Dada Mazoezi, alisema Bibi angeweza kutembea tena akipata fremu ya kushikilia, yenye miguu minne. Lakini fremu za dukani zilikuwa na bei ya kukatisha tamaa.

"Nitaitengeneza mwenyewe," Baba alisema. "Fedha niliyotenga ndiyo hii, haiongezeki."

"Niache mimi niichore, Baba," Sindano aliomba.

Baba alikuwa amebanwa na geti la mteja mmoja aliyekuja kulidai kila siku. "Haya, chora. Ila usivuke fedha hiyo."

Sindano alichora kwa moyo wote. Alitaka fremu ya Bibi izipite zile za hospitalini. Aliifanya pana kama kiti cha mfalme, akaiwekea vishikio vya sponji vilivyovishwa ngozi nyekundu, kikapu cha mbele cha kubebea redio, na rangi ya bluu inayong'aa. Walipopiga hesabu, fedha iliishia kabla ya kufika miguuni.

"Kwa miguu tutumie yale mabomba membamba yaliyobaki karakanani," Sindano alisema. "Yakishapakwa rangi, hakuna atakayejua."

Baba alichukua bomba moja, akalipinda kidogo kwa mikono, kisha akalitazama geti lililokuwa likimsubiri. "Bibi yako ni mwepesi," alisema, kama anayejishawishi. "Labda yatahimili."

Majirani walikuja kuiona, wakaisifu. Bibi aliishika akavuka sebule, akarudi. Sindano kichwa kilimvimba kwa sifa.

Jumamosi iliyofuata, Baba alikuwa karakanani na Sindano alikuwa nyuma ya nyumba akiosha vyombo. Bibi hakumwita mtu. Alijikongoja na fremu yake mpaka mwisho wa ukumbi, na alipofika kwenye mlango wa choo, fremu haikupita. Aliigeuza ubavu ili aipenyeze, uzito wake wote ukaangukia mguu mmoja. Ule mguu ulijikunja kama mrija wa kunywea soda.

Sindano alisikia kishindo. Alipofika, Bibi alikuwa sakafuni, na mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa chini ya mwili wake.

Hospitalini walisema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Bibi alirudi na plasta nyeupe mpaka karibu na kiwiko. Sasa hakuwa hata na mkono wa kupelekea chakula kinywani.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Baba aliitupa fremu nyuma ya karakana, akawa anagonga vyuma bila kusema na mtu. Bibi aligeukia ukutani na kukataa mazoezi yote. Sindano alimlisha, naye alifungua kinywa bila kumtazama, vijiko vichache tu, kisha akafunga.

"Bibi, nisamehe," Sindano alisema jioni moja.

"Sina la kukusamehe, mjukuu wangu. Niache nilale."

Heri angemgombeza. Sindano alitoka akiwa na bakuli lililojaa, akakaa kwenye ngazi ya nyuma, akalia mpaka chakula kikapoa. Shuleni ulimi wake uliisha makali. Wenzake wakitoka kucheza, yeye alibaki darasani ameinamisha kichwa juu ya dawati. Aliona tu ule mguu wa bluu uliojikunja, na rangi yake bado inang'aa.

Baba alimkuta pale kwenye ngazi siku nyingine, akakaa kando yake. "Usijimalize. Mimi ndiye fundi. Niliyashika yale mabomba, nikajua kabisa hayafai, nikanyamaza."

Maneno hayo hayakumpoza. Alijua tu kwamba sasa walikuwa wawili wenye kosa.

Dada Mazoezi alipokuja tena, aliupima mguu wa Bibi kwa kuukunja na kuukunjua, na uso wake ukabadilika. Aliwaita Baba na Sindano ukumbini. "Mguu unaanza kukakamaa. Akiendelea kulala hivi, hatasimama tena. Nileteeni hiyo fremu niione."

Baba aliileta kwa aibu. Dada Mazoezi aliizungusha, akabonyeza sponji, akagusa mguu uliopinda. Hakugomba.

"Hii ilikuwa ifanye kazi gani?"

"Imsaidie Bibi kutembea," Sindano akajibu.

"Atembee kwenda wapi?"

Sindano alimtazama Baba. Baba alitazama sakafu.

"Mlimuuliza mwenyewe?"

Hawakuwa wamemuuliza. Sindano aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Bibi, ulitaka kwenda wapi na ile fremu?"

Bibi akajibu, uso bado ukiwa ukutani, "Chooni. Nilitaka nifike mwenyewe na nifunge mlango. Baba yako nimemzaa mimi. Sikumzaa aje kunivua nguo."

Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka nje.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na mkononi alikuwa na futi ya kupimia. Sindano aliichukua, akaupima mlango wa choo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Baba alitenga tena kiasi kile kile cha fedha, wakaichora fremu upya, nyembamba ya kupita mlango huo. Kumbe kuipunguza upana kulipunguza na chuma.

Kisha Sindano akawa anauliza kila kipande kina kazi gani. Kikapu hakikuwa na kazi, kikatoka. Vishikio vilitakiwa visiteleze, lakini sponji ilinyonya maji na kuteleza zaidi, kwa hiyo wakaviringisha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu. Kazi ya rangi ilikuwa kuzuia kutu, na rangi ya kawaida iliimudu. Fedha iliyookolewa ilinunua mabomba manene ya miguu, na chini ya kila mguu wakafunga kipande cha tairi. Upande wa kushoto Dada Mazoezi aliwaelekeza waweke kibao kilichopinda, chenye kitambaa, ili Bibi aegemeze mkono bila kukishughulisha kifundo.

"Hiki cha kuunganisha miguu tungekitoa," Baba alisema. "Kinakula chuma bure."

"Kina kazi gani?"

Baba alifikiri. "Kinazuia miguu isitanuke."

"Basi hakitoki."

Safari hii hawakuita majirani. Baba aliiegemeza fremu ubavu kwenye mlango wa choo, akaulalia mguu mmoja kwa uzito wake wote. Akarudia kwa mguu wa pili, wa tatu, na wa nne.

Bibi aliikataa siku ya kwanza. Ya pili pia aliikataa. Siku ya tatu aliitazama kwa pembe ya jicho. "Ina sura ya banda la kuku," alisema. Kisha akaomba ainuliwe.

Alitembea polepole, mguu ukiburuta, Dada Mazoezi nyuma yake na Sindano mbele, akirudi kinyumenyume. Kifundo cha Bibi hakikuja kunyooka vizuri hata plasta ilipotolewa baadaye. Lakini asubuhi ile fremu ilipita mlangoni bila kugusa upande wowote. Dada Mazoezi alimsaidia Bibi kugeuka, akatoka. Mlango ukafungwa kutoka ndani.

Baba aliegemea ukuta wa ukumbi. "Fedha ilikuwa ile ile," alimwambia Sindano kwa sauti ya chini. "Mara ya kwanza tuliitumia kuwafurahisha wanaotazama, tukabana pale Bibi anapoweka uzito wake. Kubana matumizi si vibaya, mwanangu. Ila kabla hujabana, jua kila kipande kina kazi gani, na muulize atakayekitumia. Sisi tulianza na uzuri, na mama yangu ndiye aliyeumia."

Sindano aliitikia kwa kichwa.

"Nyinyi," Bibi aliita kutoka ndani, "mnasimama hapo mlangoni mnangoja nini? Nendeni zenu."